Haki ya Njia na Amana ya Mwenye Kuchukua Maji Machafu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanaadamu kwa maji, akamteremshia maji kutoka mbinguni apate kujitwahirisha. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeufundisha umma wake kila jambo, hata adabu za kuingia chooni, na jamaa zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Alitujia mtu mmoja baada ya swala ya alasiri, naye ni mtu wa kuhudhuria jamaa, akaketi kitako mpaka watu wakaisha kutoka msikitini. Kisha akasema: "Shekhe, mimi nina gari la kunyonya makaro ya vyoo. Watu hunilipa niyachukue maji machafu majumbani mwao, niyapeleke mahali palipowekwa na serikali. Lakini mwendo ni mrefu, mafuta ni ghali, na huko nako hutozwa ada. Dereva wangu amezoea kungoja usiku, akenda kuyamwaga nyuma ya mikoko, akarudi. Nami nalijua, nikanyamaza. Je, fedha ninazozipata ni halali? Na gari lenyewe likivuja njiani, ninayo dhambi?"

Nalimjibu kwa maneno machache, akaenda zake. Kisha nikafikiri, nikaona kuwa suali hili si lake peke yake. Ni letu sote, kwani hapana katika sisi asiyekuwa na choo nyumbani mwake, na wachache mno ndio wanaouliza uchafu wao wapelekwa wapi. Kwa hivyo nimeandika kurasa hizi, kwa madhihabi ya Imamu wetu Shafi, Mwenyezi Mungu amridhie, ili mwenye gari ajue yampasayo, na dereva ajue, na mwenye nyumba pia ajue.

FASILI YA KWANZA: Kuwa jambo hili ni katika mambo ya dini

Wako watu ambao wakisikia maneno ya makaro na mipira ya kunyonyea hucheka, wakasema: Haya ni mambo ya baraza la mji, si mambo ya msikitini. Watu hawa wamesahau waliyoyasoma chuoni. Vitabu vyetu vya fikihi, kuanzia vile vidogo asomeshwavyo mtoto mpaka Minhaj ya Imamu Nawawi, vyote hutanguliza twahara mbele ya swala. Mwanafunzi hujua najisi na namna ya kuiondoa kabla hajajua namna ya kurukuu.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 222, ametujulisha kuwa huwapenda wenye kutubu na wenye kujitwahirisha. Na katika Suratut Tawba, aya ya 108, amewasifu watu wa msikiti uliojengwa juu ya ucha Mungu kuwa wanapenda kujitwahirisha. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Abbas kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye makaburi mawili, akawaambia Swahaba zake kuwa waliozikwa humo wanaadhibiwa: mmoja alikuwa akifitinisha watu, na wa pili alikuwa hajikingi na mkojo wake.

Zingatia, ewe msomaji. Yule aliadhibiwa kwa matone ya mkojo wake mwenyewe. Basi itakuwaje hali ya mtu aliyechukua lita 10,000 za uchafu wa watu, akazimwaga penye njia yao na maji yao, na huku amekwisha kulipwa kwa kuwaepusha nazo? Iwapo tone lahisabiwa, tangi zima halitasahauliwa.

FASILI YA PILI: Yafanyayo maji machafu katika mji

Miji yetu mingi ya pwani imesimama juu ya jiwe la matumbawe. Mombasa ni hivyo, na Mji Mkongwe wa Unguja ni hivyo. Jiwe hili lina matundu na nyufa, na maji hupita ndani yake upesi, hayachujiki kama yachujikavyo katika udongo mzito. Amwagaye uchafu hapa asidhani kuwa ardhi imeumeza ukaisha. Huenda ukatokea katika kisima cha jirani yake, au katika kisima cha msikiti ambacho watu huteka maji kujaza birika la udhu. Na wengi katika watu wetu hata leo hutumia maji ya visima, kwa kuwa ya mfereji hayawatoshi.

Wazee wetu waliyajua maradhi ya waba, yaani kipindupindu. Katika miaka ya 1869 na 1870 yaliingia Unguja yakaua maelfu ya watu, na tabibu James Christie, aliyekuwako wakati huo, aliyaandikia kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1876. Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa mifereji, nayo ni sadaka wanayomkumbuka kwayo hata leo. Kabla ya hapo, mwaka 1854, tabibu John Snow alikwisha onyesha huko London kuwa waliokuwa wakifa kwa wingi katika mtaa mmoja walikuwa wakinywa maji ya bomba moja, nalo limeingiwa na uchafu wa choo. Na miaka ya 1883 na 1884 mtaalamu Robert Koch alikibainisha kijidudu chenyewe, alipokichunguza Misri na Bara Hindi.

Wala mtu asiseme kuwa hayo yalikuwa zamani. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea bara na visiwani, na katika mwaka uliofuata hisabu ya waliougua Tanzania ilikuwa imepita 20,000. Na pamoja nacho yako maradhi ya kuhara, na homa ya matumbo, na minyoo, ambayo mayai yake huweza kukaa mchangani miezi mingi yakiwa hai, yakimngoja mtoto apitaye miguu mitupu.

Basi ukikusanya haya utaona kuwa amwagaye uchafu ovyo si mchafu tu. Huenda akawa muuaji, naye amelala usingizi nyumbani kwake.

FASILI YA TATU: Kuwa kazi hii ni halali, wala mwenye kuifanya hadharauliwi

Muulizaji wetu aliinamisha kichwa alipoitaja kazi yake, kana kwamba kazi yenyewe ndiyo aibu. Hili ni kosa, na makosa ni yetu tunaomdharau.

Kuuza najisi yenyewe hakusihi katika madhihabi yetu. Lakini kumwajiri mtu aiondoe kunasihi, kama kulivyosihi kumwajiri mtu auchukue mzoga akautupe mbali, au aichukue pombe akaimwage. Ujira huo ni wa kazi yake na chombo chake, si thamani ya uchafu. Ni kweli kuwa wanavyuoni wetu wametaja karaha katika chumo la kazi ichanganyikanayo na najisi, kama kazi ya mwumikaji. Lakini karaha si haramu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliumikwa akamlipa mwumikaji ujira wake, na Ibn Abbas akatoa hoja kuwa lau ingalikuwa haramu asingalimpa.

Bali Imamu Ghazali katika Ihya ameihisabu kazi ya kuumika kuwa ni katika fardhi za kifaya, kwani mji ukikosa mwenye kuijua watu huangamia. Nami nasema: mji ukikosa wa kuondoa maji machafu huangamia upesi zaidi. Basi wafanyao kazi hii kwa uaminifu wamewaondolea watu wote dhambi, na haifai mtu aliyeondolewa dhambi amcheke aliyemwondolea.

FASILI YA NNE: Haki ya njia

Njia si mali ya mwenye gari, wala ya mwenye duka, wala ya serikali iitumie ipendavyo. Njia ni haki ya wapitao wote. Muslim amepokea kuwa imani ina matawi sitini na kitu au sabini na kitu, na tawi lililo chini kabisa ni kuondoa njiani kitu chenye kuudhi. Iwapo kuliondoa udhia ni imani, kuuweka ni nini? Na Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amewakhofisha watu na mambo matatu yavutayo laana: kujisaidia penye maji watu watekapo, na katikati ya njia, na penye kivuli watu wapumzikapo. Tena Bukhari na Muslim wamepokea makatazo yake ya kukojoa katika maji yaliyosimama.

Na Imamu Ghazali, alipokuwa akieleza maovu yapatikanayo njiani, alitaja mfano wa mtu apitishaye mnyama aliyepakiwa miiba, ikawararua watu nguo zao. Akaeleza kuwa haya ni maovu ya kukatazwa, iwapo mwenye mzigo aweza kuifunga miiba na kuikusanya isimguse mtu, au aweza kupita njia pana. Lakini hakuharimisha kuchukua miiba, kwa kuwa watu wana haja nayo.

Huu ndio msingi wa risala yetu yote. Pakia, kwani watu wana haja. Lakini funga mzigo wako usimdhuru mtu. Mwiba hurarua nguo, na nguo hushonwa. Najisi ikimwagika huharibu nguo, na swala, na maji, na afya. Basi aliyelazimishwa kufunga miiba, huyu wa maji machafu amelazimishwa zaidi.

FASILI YA TANO: Masharti ya gari na vyombo vyake

La kwanza ni tangi. Liwe zima, halina kutu iliyolitoboa wala kiraka kinachotiririka, na mfuniko wake ufunge barabara. Wala lisijazwe pomoni, kwani gari likishuka mteremko au likifunga breki maji huruka yakatoka juu. Mwenye gari alitazame kila asubuhi kabla halijatoka, kama mpanda farasi atazamavyo kwato. Asemaye, "Nilijua lavuja lakini kidogo," amekiri mwenyewe.

La pili ni pampu na mpira. Pampu huitoa hewa ndani ya tangi, ndipo hewa ya nje ikayasukuma maji machafu kupanda ndani ya mpira. Kwa hivyo kila kiungo chenye pete mbovu ni mlango wa kuvuja. Kazi ikiisha, mpira uinuliwe kwanza ili yaliyobakia ndani yake yaishie tangini, kisha ndipo ufunguliwe, na ndoo iwekwe chini ya kiungo. Ncha zake zote mbili zizibwe kabla haujafungwa garini. Matone mengi tuyaonayo njiani hayatoki tangini. Yatoka katika mpira uliotupwa juu ya gari mdomo wazi, na katika koki ya nyuma isiyotiwa kizibo.

La tatu, gari hili lisichukue maji ya kunywa abadani. Nimesikia mtu akihoji kuwa chuma kikioshwa hutwahirika. Ni kweli: najisi hii ni ya wastani, na mwili wake ukiondoka, na tamu yake na rangi yake na harufu yake, kisha maji yakapitishwa juu yake, chombo kimekuwa twahiri. Lakini twahara ni jambo moja, na kusalimika na madhara ni jambo la pili. Ndani ya tangi mna pembe na mabomba yasiyofikiwa na mkono wala jicho, na vijidudu havionekani. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitie wenyewe katika maangamizo. Na amwuziaye mtu maji ya tangi hilo bila kumwambia amemghushi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amemtoa mghushi katika walio wake.

La nne ni njia na saa. Apite njia iliyopangwa, ajiepushe na kupita sokoni na mbele ya vyuo saa watoto wanapotoka, na mbele ya misikiti watu wanapokwenda swala ya Ijumaa hali wamevaa kanzu zao safi. Harufu peke yake haimnajisi mtu, lakini humuudhi, na kumuudhi Mwislamu pasipo dharura ni haramu.

La tano ni mahali pa kumwagia. Asimwage ila mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, kama mabwawa ya Vingunguti ambako kwa miaka mingi magari ya Dar es Salaam yamepeleka mizigo yao. Huko maji hukaa siku nyingi, taka ikatua chini, na jua na vijidudu vyema vikafanya kazi yao. Bahari si mahali pa kumwagia, wala mikokoni. Hapo ndipo samaki wazaliapo na kamba wakuliapo, na mvuvi ateremkapo kutafuta riziki yake. Ama mwenye shamba atakaye kutia mbolea ya najisi, wanavyuoni wetu wamejuzisha pamoja na karaha, na mmea uotao humo ni twahiri wenyewe, ila sehemu iliyoguswa na najisi ioshwe. Lakini uchafu mbichi usimiminwe juu ya mboga zinazoliwa bila kupikwa, kwa ajili ya minyoo na maradhi tuliyoyataja.

La sita ni ruhusa na alama. Kanuni za taka zilizotolewa Kenya mwaka 2006 zilimtaka mwenye kuchukua taka awe na leseni, na gari lake liwe na alama, na vyombo vyake viwe katika hali isiyoachia taka kutawanyika, wala kutiririka, wala kutoa harufu mbaya. Zilimtaka pia afuate njia iliyokubaliwa, na awe na hati yenye kuonyesha mzigo watoka wapi na waenda wapi. Wako wasemao: Hizi ni sheria za watu, hazitulazimu. Nami nawauliza: ni sharti gani katika haya lisilokuwamo katika maneno ya Ghazali juu ya mzigo wa miiba? Mwenye madaraka akiamrisha jambo lenye maslaha ya watu wote, wala si maasia, kumtii ni wajibu, kwa iliyokuja katika Suratun Nisaa, aya ya 59.

FASILI YA SITA: Haki za wafanyakazi, na swala zao

Dar es Salaam wako watu waingiao mashimoni kwa miili yao wakachota kwa ndoo, na wenzao wamewaita vyura. Jina hili lachekesha, lakini kazi yao haichekeshi. Ndani ya shimo la choo hukusanyika hewa ya sumu, yenye kunuka kama yai bovu. Ikizidi huua pua kwanza, mtu asiisikie tena harufu, akadhani hewa imekuwa njema, kisha huanguka. Mwenzake akishuka kumwokoa bila kinga naye huanguka juu yake. Kwa hivyo haifai kumshusha mtu shimoni ikiwa mpira waweza kufika. Na ikiwa hapana budi, shimo liachwe wazi mpaka hewa ibadilike, na ipimwe kwa chombo chake, na ashukaye afungwe kamba, na walio juu wawe tayari kumvuta wasimfuate. Amshushaye maskini bila haya kwa kuwa ni maskini, akafa, asiseme kuwa ilikuwa ajali. Ajitayarishe kwa jawabu mbele ya Mola wake.

Wapewe viatu virefu, na mifuko ya mikono, na nguo za kazi, na maji na sabuni. Na walipwe ujira wao upesi, kabla jasho halijakauka, kama tulivyousiwa.

Ama swala zao: mfanyakazi awe na nguo mbili, ya kazi na ya swala, kwani swala haisihi kwa nguo iliyo na najisi wala kwa mwili ulio nayo. Kilicho kidogo hata jicho la kawaida halikioni kimesamehewa. Wala asiswali hali ameshika mpira uliofungamana na najisi. Tena aoge aondoe harufu kabla hajaingia msikitini, kwani aliyekula vitunguu amekatazwa kuwakaribia wenye kuswali, na harufu hii yaudhi zaidi. Akiwa hakupata nafasi ya kujisafisha, hiyo ni udhuru wa kuikosa jamaa, si udhuru wa kuiacha swala. Na akisha kuoga akavaa nguo yake safi, akasimama safu ya kwanza, basi hapo ni mahali pake, na amsogeleaye mbali kwa kiburi ndiye mwenye najisi moyoni.

FASILI YA SABA: Yakimwagika njiani

Yakimwagika, dereva asikimbie. Asimamishe gari, afunge koki, awazuie watu na watoto wasipite, kisha aondoe mwili wa najisi kwa mchanga na koleo aurudishe garini. Ndipo maji yamiminwe juu ya mahali pale mpaka yashinde, kama Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoamrisha ndoo ya maji imiminwe mahali bedui alipokojoa msikitini. Jua na upepo peke yake havitwahirishi ardhi katika madhihabi yetu. Na matabibu husema patiwe dawa ya klorini au chokaa, na ushauri wao ufuatwe. Ikiwa ni karibu na kisima, jirani waambiwe siku ile ile wasinywe mpaka maji yapimwe. Kuficha hapa ni khiyana.

Ama mpita njia aliyerukiwa: akiwa na yakini kuwa ni najisi, aioshe, akiwa na shaka, asili ya kila kitu ni twahara, asijitie wasiwasi. Na tope la njia lililoyakinika najisi yake, lililo gumu kujikinga nalo, limesamehewa kwa kadiri yake.

Na maji ya birika au kisima: yakiwa chini ya qullatain, nayo ni yapata lita 200, yakaingiwa na najisi, yamenajisika hata yasipobadilika. Yakiwa qullatain au zaidi, hayanajisiki mpaka ibadilike rangi au tamu au harufu. Lakini kumbuka tuliyosema: yafaayo kwa udhu huenda yasifae kwa kunywa.

KHATIMA: Jawabu la muulizaji

Ndugu yangu uliyeuliza, jawabu lako ni hili. Mtu alipokupa mzigo wa choo chake na fedha juu yake, mmeagana juu ya kuufikisha mahali maalumu. Kutoka hapo mzigo ule, kwa uchafu wake wote, umekuwa amana mkononi mwako. Watu hudhani kuwa amana ni dhahabu na hati za nyumba tu. Lakini Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ameamrisha amana zifikishwe zinakostahili, na mzigo huu unastahili kufika bwawani, si nyuma ya mikoko.

Basi safari iliyofika ilipoagwa, ujira wake ni halali yako, ule na watoto wako. Na safari iliyoishia mikokoni, hukuifanya kazi uliyoajiriwa, na ujira wake si wako. Umekula mali ya watu kwa batili. Uwarudishie unaowajua, au uwaombe wakuhalilishie baada ya kuwaeleza kweli. Usiowajua na ukakata tamaa ya kuwapata, toa kiasi hicho katika maslaha ya Waislamu kwa niaba yao. Na katika maslaha bora ni kusafisha pale ulipopachafua.

Na dhamana iko pia. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa atupaye taka na maganda ya matikiti njiani, kikaharibika kitu kwa sababu yake, hudhamini kwa kauli iliyo sahihi. Basi atiririshaye najisi mtu akateleza akavunjika, naye hali hiyo hiyo. Na asili yake ni hadithi ya thelathini na mbili katika Arbaini ya Nawawi, yenye kukataza kudhuru na kudhuriana.

Usiseme: Ni dereva, si mimi. Ulijua ukanyamaza, na faida ikaingia mfukoni mwako. Wala dereva asiseme: Ni tajiri wangu aliyeniamrisha. Hapana kumtii kiumbe katika kumwasi Muumba.

Na sisi wenye nyumba tusijitoe. Twatafuta gari la bei rahisi kuliko yote, wala hatuulizi vipi limekuwa rahisi. Ada ya mabwawa yajulikana, na bei ya mafuta yajulikana. Akubaliye chini ya hayo, huenda faida yake ikatoka mikokoni. Aliyejua akakubali amesaidia katika dhambi na uadui, na hilo tumekatazwa katika Suratul Maida, aya ya 2. Basi mwenye nyumba aulize, "Wapeleka wapi?" na atake hati iliyogongwa muhuri huko mabwawani, na asione uzito kulipa kilicho haki. Na watu wa mtaa wakiwa maskini, wachangiane kama wachangianavyo kwa arusi na maziko.

Yule bwana alinirudia baada ya siku chache. Hakusema mengi. Alinionyesha karatasi ya mabwawani yenye tarehe ya siku ile, akasema: "Shekhe, faida imepungua." Nikamwambia: Imepungua hisabu, na iliyobakia imetwahirika.

Ewe Mola wetu, twahirisha nyoyo zetu na riya, na ndimi zetu na uwongo, na mali zetu na haramu, na miji yetu na maradhi. Wajaalie wenye kutuondolea uchafu wawe katika wenye kuondolewa dhambi, na utujaalie sisi tuwajue haki yao. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na Swahaba zake. Amin.